Plagi janja za kupima umeme bila kutegemea intaneti: Shelly, Tasmota, Tapo au Zigbee?

mjenzi_mtandao (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba tulinganishe plagi janja zinazopima matumizi ya umeme, kwa nyumba inayoendeshwa na Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani) kwenye kompyuta ndogo iliyomo humo humo ndani. Nyumba iko Dar, umeme wa LUKU, soketi zote za pini tatu bapa. Vya kupima ni friji, TV na king'amuzi, jagi la umeme, mashine ya kufulia na pampu ya maji.

Sharti moja halina mjadala: fiba ikikatika, plagi ziendelee kuwasha, kuzima na kutuma takwimu. Akaunti za watengenezaji sizitaki kama zinaepukika. Nilizonazo kwenye orodha: Shelly Plus Plug UK, Athom au LocalBytes zenye Tasmota (programu huria inayokaa ndani ya plagi), TP-Link Tapo P110, na zile za Tuya (TS011F) zinazotumia Zigbee, redio isiyo Wi-Fi.

---

nyaya_tatu

Kwa sharti la fiba zote nne zinapita, ila kila moja ina njia yake.

Shelly unaisanidi bila programu ya simu. Ichomeke, unganisha simu kwenye Wi-Fi inayorushwa na plagi yenyewe, fungua 192.168.33.1 kwenye kivinjari, ipe Wi-Fi ya nyumbani, zima Cloud, weka nenosiri. Home Assistant itaiona yenyewe. Ukitaka kuihoji kwa mkono, andika http://anwani-ya-plagi/rpc/Switch.GetStatus?id=0 nayo itajibu apower (wati), voltage, current na aenergy.total. Hiyo ya mwisho iko kwa wati-saa, kwa hiyo gawanya kwa 1000 upate uniti. Inatoa pia joto la ndani ya plagi, kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii na kwangu kina uzito kuliko rangi za taa.

Tasmota haina seva ya mtu yeyote nyuma yake. Athom na LocalBytes zinakuja nayo tayari, hakuna kufungua kitu wala kulehemu. Unaipa anwani ya MQTT (kituo cha ndani cha kupokezana ujumbe), basi. Kazi iko kwenye kuirekebisha vipimo, nitarudi hapo.

Tapo P110 lazima uianze kwa programu yao, akaunti yao na intaneti. Baada ya hapo Home Assistant huongea nayo ndani kwa ndani, lakini itakuomba barua pepe na nenosiri la TP-Link, kwa kuwa plagi humtambua anayeihoji kwa alama inayotokana na hivyo viwili. Halafu ndani ya programu kuna swichi ya Third-Party Compatibility. Isipowashwa unaweza kukataliwa. Haitoi jumla ya tangu mwanzo, inatoa ya leo na ya mwezi huu tu. Kwa dashibodi ya nishati hiyo haina shida, kihisi cha aina ya total_increasing kinajua kuendelea namba inaporudi sifuri.

Jaribio la kweli kwa yoyote utakayonunua: chomoa fiba, kisha zima na uwashe ruta, plagi na Home Assistant. Kuchomoa fiba peke yake hakuthibitishi kitu, maana muunganisho uliokwisha kufunguliwa unaweza kuendelea kufanya kazi mpaka plagi izimike.

---

fundi_soketi

Mnaanza na programu, mimi naanza na chuma. Mkuu, kabla ya jina la kampuni geuza plagi uangalie pini. Plagi halali ya mtindo wa Uingereza imeandikwa BS 1363 na kikomo chake ni ampea 13. Sokoni kuna zenye pini hizo hizo zimeandikwa 16A, hazina fyuzi. Hiyo 16 ni ya rilei (swichi ya umeme) iliyomo ndani, pini na soketi yako havijabadilika. Nyingine zinaletwa na pini mbili za Ulaya halafu unauziwa adapta. Adapta ikilegea, mguso unachemka. Kwa king'amuzi hutaona tatizo, kwa jagi la wati 2200 (karibu ampea 10) plastiki inageuka kahawia.

Kwa vifaa vyako:

TV na king'amuzi: yoyote kati ya hizo.

Jagi: sawa, linachemka dakika tano limemaliza. Usiweke hita ya wati 3000 ya kukaa saa nzima. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 13 kamili, huna nafasi ya makosa.

Mashine ya kufulia: sawa, ila ilale kwenye hali ya kuwaka muda wote na mtu asiwe na kitufe cha kuizima katikati ya mzunguko.

Pampu: hapana. Mota ikianza huvuta mara nne hadi sita ya mkondo wake wa kawaida, na midomo ya rilei ndogo huungana ikabaki imeshikana. Programu inasema imezimwa, maji yanaendelea kupanda.

Hiyo ya rilei kushikana ina mtego kwenye Tasmota. Kwa kawaida ikizima rilei huacha kupima, unaona sifuri hata kama umeme unapita. Andika SetOption21 1 kwenye konsoli ili iendelee kupima rilei ikiwa imezimwa. Hapo wati zikitokea wakati swichi imezimwa, unajua rilei imekufa.

---

StimaYa254

Naongeza upande wa stima kupotea, kwa sababu huku Kenya na huko Bongo ni shida ile ile. Swali la kwanza kwa plagi yoyote: stima ikirudi, inarudi katika hali gani? Friji iliyobaki imezimwa usiku kucha itakugharimu nyama zaidi ya bei ya plagi.

Tasmota: PowerOnState 1 inawasha kila stima inaporudi, 3 inarudi ilivyokuwa, ndiyo inayokuja nayo. Kuna 4 pia, inawasha na kufunga kabisa amri za kuzima. Kwa friji tumia 4, plagi igeuke kuwa mita tu. Kwenye Shelly ni initial_state, chagua on. Zigbee za Tuya ni power_outage_memory.

Pili, kompyuta ya Home Assistant na ruta viwe kwenye UPS ndogo. Plagi huamka kwa sekunde chache, ruta inachukua dakika moja au mbili, kwa hiyo zitahangaika kutafuta Wi-Fi, ziache, zitajiunga. Zipe anwani za kudumu kwenye ruta. Ruta ikiwa imeunganisha 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja, tenganisha majina wakati wa kusanidi, na usiiweke WPA3 pekee kwa sababu plagi zenye chipu za ESP8266 na ESP8285 hazitaiona vizuri.

Kwa pampu: kontakta (swichi kubwa ya kuwasha mota) yenye koili ya volti 230, koili iendeshwe na Shelly 1 au chochote kidogo, na kipimo kiwe cha kubana waya. Shelly EM ina vibano viwili na pia ina njia ya kuendesha kontakta, kwa hiyo kifaa kimoja kinamaliza. Fundi aifunge, si kazi ya kujaribu.

---

kijiti_cha_usb

Hakuna aliyetetea Zigbee, basi nitaitetea kidogo.

Uzuri wake: haigusi Wi-Fi, haina anwani ya IP, haiwezi kupiga simu nje hata ikitaka. Plagi ya Zigbee pia hupitisha mawasiliano ya vihisi vya betri vilivyo mbali. Ubaya wake kwetu ni swichi iliyoko kwenye soketi ya ukutani. Mtu akiizima, vihisi vilivyokuwa vinapitia plagi hiyo vinapotea, na vingine havitafuti njia mpya haraka. Ziweke nyuma ya friji au kabati, ambapo mkono haufiki.

TS011F si kifaa kimoja. Baadhi hutuma wati zenyewe, baadhi hukaa kimya mpaka ziulizwe. Zigbee2MQTT, programu inayoziunganisha na Home Assistant, huziuliza kila sekunde 60 na unaweza kubadili kwa measurement_poll_interval. Ukiwa na plagi kumi na tano ukaziuliza kila sekunde tano, taa zitaanza kuchelewa. Kwa hiyo kujua mashine ya kufulia imemaliza, Zigbee inatosha. Kuona mshtuko wa kompresa inapoanza, sahau.

Kijiti cha USB kinachoongea na plagi za Zigbee (Sonoff ZBDongle-P au E) kisichomekwe moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Tumia waya wa USB wa kurefusha wa mita moja au zaidi, kelele ya USB 3 inaua masafa. Wi-Fi yako ikiwa chaneli 1, weka Zigbee 20 au 25.

---

mjenzi_mtandao

Asanteni sana. Maswali mawili. Je, namba zao zinaaminika? Na friji: nina FridgeGuard ya Sollatek tayari (kinga inayokata umeme volti zikiharibika, kisha husubiri dakika chache kabla ya kurudisha), plagi ikae kabla yake au baada yake?

---

nyaya_tatu

Namba. LocalBytes inatumia chipu ya BL0937 inayohesabu mapigo, Athom V2 ina CSE7766 inayotuma data kwa waya wa serial. Kwenye mzigo mkubwa zote ni nzuri zikisharekebishwa. Chini ya wati chache usiziamini, hasa BL0937. Ukitafuta matumizi ya king'amuzi kilicholala chukua Shelly.

Kurekebisha Tasmota huhitaji maabara, mita ya TANESCO inatosha kama unaifikia. Usoni imeandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000, na ina taa ndogo nyekundu inayopiga. Zima sakiti breka nyingine zote, jaza jagi maji ya baridi mpaka juu, liwashe kupitia plagi. Pasi haifai, inajikata yenyewe. Hesabu mapigo 30 kwa saa ya simu. Wati ni 3,600,000 × mapigo ÷ (imp × sekunde). Mapigo 30 kwa sekunde 55.4 kwenye mita ya 1000 ni kama wati 1950. Pima volti kwa malitimita huku jagi likichemka, si kabla, maana zinashuka. Tuseme ni 228. Basi, jagi likiwa bado linavuta:

VoltageSet 228
PowerSet 1950
CurrentSet 8553

Ya mwisho ni miliampea, 1950 ÷ 228 × 1000. Jagi halina koili wala kapasita ya maana, ndiyo sababu hesabu hii inakubali; ukifanya kwa feni utaharibu kila kitu.

Mambo mengine ya Tasmota ambayo watu huyaacha: TelePeriod ni sekunde 300, dashibodi itaonekana imelala. Weka 60, na PowerDelta 110, maana yake itume papo hapo wati zikibadilika kwa 10 au zaidi. Timezone inakuja +1. Weka 3, la sivyo "leo" itaanza saa nane usiku. Na ukishaizuia plagi isitoke intaneti, haitapata saa. Jumla itaendelea kuhesabika ila leo na jana zitavurugika, kwa hiyo elekeza NtpServer1 kwenye ruta au kwenye mashine yoyote ya ndani inayotoa saa.

---

fundi_soketi

Friji: ukuta, halafu FridgeGuard, halafu plagi, halafu friji. Umeme ukipanda, kinga inakata kabla haujafika kwenye plagi. Plagi nayo ni kifaa cha elektroniki, inaungua.

---

StimaYa254

Hapo sikubaliani kaka. Ukifanya hivyo, kila kinga inapokata, plagi inazimika pia, na kinga ikishasubiri dakika zake ndipo plagi inaamka. Yaani wakati ule unaotaka kuona volti, ndio huna kipimo. Plagi ikiwa ukutani, unaona volti 170 na unajua kwa nini friji limekaa kimya.

---

fundi_soketi

Volti unaweza kuziona kwenye plagi ya TV, soketi ziko kwenye umeme mmoja. Ila ninakubali jambo moja: kinga nzito kuning'inia kwenye plagi iliyo ukutani ni kosa, na hiyo peke yake inanitosha. Kama kinga yako ni ya waya, chagueni mnavyotaka.

Asije mtu akasema plagi itachukua nafasi ya kinga. Shelly ina undervoltage_limit na voltage_limit, na autorecover_voltage_errors huirudisha volti zikikaa sawa, lakini haisubiri zile dakika za kompresa kupumua. Kompresa ikiwashwa tena shinikizo likiwa bado juu, inagoma na kuvuta mkondo mkubwa. Kwa friji naona hata plagi haihitajiki: Shelly PM Mini ndani ya boksi la soketi, haina rilei, inapima tu. Hakuna cha kushikana.

---

mjenzi_mtandao

Nimeelewa. Kwa hiyo Shelly kwa TV na jagi, Athom kwa mashine ya kufulia, PM Mini kwa friji, kontakta na EM kwa pampu. Moja la mwisho: niko D1 (kundi la bei la watumiaji wadogo wa nyumbani), nataka onyo kabla ya kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Nikijumlisha plagi zote inatosha?

---

nyaya_tatu

Haitoshi. Taa, feni za dari na chaja hazimo. Na plagi zenyewe zinakula: wati 1 kila moja ni karibu uniti 9 kwa mwaka. EM ina vibano viwili, kimoja pampu, kingine waya wa laivu unaoingia kwenye meni swichi, upande wako wa mita. Lakiri ya TANESCO isiguswe. Kisha utility_meter ya Home Assistant (kihesabu kinachoanza upya kila mwezi) yenye cycle: monthly, na onyo kwenye uniti 60.

Bana waya mmoja tu. Ukibana laivu na nyutro pamoja itasoma sifuri, na mshale wa kibano ukielekea mita badala ya mzigo, wati zitakuja hasi.