Gumzo la Ukoo: Shangazi Aanze na Anime Ipi?

*Jumanne*

Shangazi Mwanaidi, saa 2:10 usiku
Assalaam alaykum wanangu. Tangu mjukuu wangu aje kukaa nami likizo hii, runinga ya sebuleni imekuwa ya anime, hizi katuni za Kijapani za watu wenye macho makubwa wanaosema Kijapani, na jana niliamua kuketi naye nione ni kitu gani kinachomfanya asahau hata uji wake. Alinianzishia One Piece pale pale alipofikia yeye, nikatazama vipindi vitatu bila kujua nani ni ndugu ya nani wala wanagombea nini. Sitaki kukata tamaa. Nielekezeni mtu wa umri wangu, aliyezoea tamthilia za Kituruki na hadithi zenye mwanzo na mwisho, aanzie wapi.

Bakari, saa 2:18 usiku
Waalaykumu salaam, shikamoo shangazi. Mjukuu hakukosea kuipenda, ila hapo hapakuwa mahali pa kumwanzishia mgeni. One Piece ilianza kurushwa Oktoba 1999, imeshapita vipindi elfu moja na bado haijaisha. Ukihesabu dakika 24 kwa kila kipindi, hivyo elfu moja peke yake ni saa 400. Mimi ningekupa Fullmetal Alchemist: Brotherhood, iliyorushwa kati ya 2009 na 2010, vipindi 64, na ikiisha imeisha. Inahusu ndugu wawili, Edward na Alphonse, waliofiwa na mama yao wakajaribu kumrudisha duniani kwa elimu ya alkemia iliyokatazwa. Mkubwa alipoteza mguu na mdogo akapoteza mwili mzima, ndipo yule mkubwa akautoa na mkono wake wa kulia ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya vazi la chuma asipotee kabisa. Uhakikishe neno Brotherhood lipo, kwa kuwa iko nyingine ya 2003 yenye vipindi 51, iliyotengenezwa wakati hadithi ya vitabuni ya Hiromu Arakawa haijafika mwisho, ikalazimika kujitungia njia yake.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:21 usiku
Marahaba mwanangu. Habari ya ndugu hao imenigusa, lakini vipindi 64 ni vingi kwa mtu anayejaribu tu.

Zuhura, saa 2:34 usiku
Shikamoo shangazi. Kaka Bakari anajua ninavyoipenda hiyo, na bado siwezi kukubali iwe ya kwanza. Ni saa 25 na zaidi, tena kipindi cha nne kina jambo la baba na binti yake mdogo ambalo mimi lilinikosesha usingizi. Mgeni apewe kwanza kitu anachoweza kukimaliza jioni moja, kisha tumsikilize amependa nini ndani yake.

Nadhani tunakosea tunapouliza anime nzuri ni ipi kana kwamba ni aina moja ya hadithi. Wajapani huitumia kusimulia kila kitu: mapenzi, vita, mpira wa wavu, mapishi, msiba wa nyumbani. Hata majarida yanayotoa hadithi hizo kwanza hugawanywa kwa wasomaji wake, shonen ya wavulana, shojo ya wasichana, seinen ya wanaume watu wazima na josei ya wanawake. Mjukuu wako anatazama shonen, ndiyo maana mapigano hayakatiki. Wewe umesomesha watoto maisha yako yote na unapenda habari za nyumba na malezi, kwa hiyo ningekuanzishia My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, ya 1988, dakika 86 tu.

Haina adui hata mmoja. Mabinti wawili, Satsuki na Mei, wanahamia shamba pamoja na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao, na huko wanakutana na kiumbe mkubwa wa msituni. Kuna mahali wamesimama kituo cha basi usiku, mvua inanyesha, mdogo amesinzia mgongoni kwa dada yake, na kiumbe huyo anakuja kusimama kando yao akiwa na jani tu kichwani. Satsuki anampa mwavuli wa baba. Matone yanadondoka juu ya mwavuli, tup, tup, naye anafumbua macho kwa furaha ya ile sauti, kisha anaruka kwa nguvu mpaka miti yote inamwaga maji kwa pamoja. Hakuna zaidi ya hapo, na mimi nimeirudia mara nyingi kuliko mapigano yote niliyowahi kuyaona.

Ami Seif, saa 3:02 usiku
Dada, naomba niongeze tahadhari, maana mimi niliwahi kufanya kosa. Niliwawekea watoto Grave of the Fireflies kwa kuwa niliambiwa imetoka studio moja na hiyo ya Zuhura, nikaenda zangu kuswali isha. Niliporudi niliwakuta wote wanalia, na yule mdogo alikataa kulala peke yake wiki nzima. Mtu asidhani kwamba kilichochorwa ni cha watoto.

Zuhura, saa 3:09 usiku
Ni kweli ami, na waliotazama Japani yaliwakuta hayo hayo, kwa sababu filamu hizo mbili zilitolewa siku moja, tarehe 16 Aprili 1988, zikaonyeshwa pamoja. Hiyo ya Isao Takahata inahusu kijana na mdogo wake wa kike waliobaki yatima baada ya Kobe kupigwa mabomu mwaka 1945, na tangu dakika za mwanzo unaambiwa kwamba kijana amekufa. Ni kazi kubwa mno, lakini itazamwe na mtu mzima aliyejiandaa.

Shangazi Mwanaidi, saa 3:15 usiku
Na lugha je? Tamthilia zangu zimeingizwa sauti za Kiswahili.

Bakari, saa 3:17 usiku
Hizi Kiswahili hazina, shangazi, ila Totoro ina sauti za Kiingereza na pia ina Kijapani chenye maandishi chini. Usisikilize wanaosema kuwa ni dhambi kuacha Kijapani. Macho yakichoka kusoma, weka Kiingereza.

Zuhura, saa 3:20 usiku
Nitakuwekea kwenye akaunti yangu ninayolipia, mjukuu ataifungua.

*Alhamisi*

Shangazi Mwanaidi, saa 4:25 usiku
Tumeitazama. Mjukuu aliuliza mara mbili mapigano yanaanza lini, kisha akanyamaza kimya. Mimi kilichonishika ni lile hindi. Bibi wa jirani amesema mboga za shamba lake zitamponya mama, na Mei, mtoto wa miaka minne, anakumbatia hindi moja kifuani na kuondoka peke yake kwenda hospitali asikokujua njia. Aliyeitunga hii amewahi kuuguliwa.

Zuhura, saa 4:31 usiku
Umeona vizuri, shangazi. Mama yake Miyazaki aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi yeye akiwa mtoto.

Sasa najua la kukupa, na bado si la kaka Bakari, anisamehe. Ni A Silent Voice ya Naoko Yamada, ya 2016, zaidi ya saa mbili. Binti kiziwi, Shoko, anahamia darasa la sita na kujitambulisha kwa kuandika katika daftari, na mvulana aitwaye Shoya anamchokoza mpaka anamng'oa vifaa vya kusikilizia masikioni. Mwalimu wa darasa anajua na hafanyi la maana. Miaka inapita, mvulana anajifunza lugha ya alama na kumtafuta. Katika kipindi hicho hawezi kutazama watu, na mchoraji amezifunika nyuso zao kwa alama kubwa ya kosa, kama ile uliyokuwa ukiiweka kwenye daftari zetu. Wewe utaisoma mara moja. Mama yake mtungaji wa hadithi, Yoshitoki Oima, ni mkalimani wa lugha ya alama. Nakutahadharisha kwamba inagusa habari ya kutaka kujitoa uhai, hivyo itazame mjukuu akiwa amelala.

Bakari, saa 4:36 usiku
Nimesamehe. Ndugu wawili watasubiri.

Shangazi Mwanaidi, saa 4:52 usiku
Nilikuwa na mwanafunzi asiyesikia vizuri, zamani sana. Kwa kuwa alikuwa mrefu nilimkalisha nyuma, na nilichukua muhula mzima kabla ya kutambua kwamba hakuwa mkaidi, alikuwa hanisikii. Nilimhamishia mbele, lakini sikumwomba radhi, na alipomaliza darasa la saba tulipotezana.

Niwekee hiyo, Zuhura. Nitaitazama kesho baada ya isha, peke yangu, na nitaweka Kijapani chenye maandishi.