Mafundi mnaofuta autosupout.rif (ripoti ya ruta kuanguka) kabla ya kuinakili, mnatutesa!

Wakuu, nina hasira tangu Jumatatu na leo imebidi niandike.

Mimi ndiye mwangalizi wa mtandao kwenye kituo kimoja cha afya. Ruta yetu ni MikroTik hEX na kila kitu kinapitia humo: mapokezi wanahakiki kadi za bima, duka la dawa nao wanaingiza dawa kwenye mfumo. Wiki iliyopita ilizima na kujiwasha yenyewe mara mbili. Kila ikitokea foleni inasimama. Mama kambeba mtoto anachemka homa, anaambiwa "subiri, mtandao hakuna". Mimi ndiye ninayetazamwa.

Matengenezo yako chini ya kampuni ya nje, sitaitaja. Pasiwedi kamili wanayo wao, mimi nimepewa ya kutazama tu: orodha ya faili naiona, kuchukua faili siwezi. Siku ya kwanza ile ile niliwapigia simu. Nikasema jamani, kuna autosupout.rif hapa, njooni muichukue kabla ya kugusa kitu kingine. Nikajibiwa, "Huo ni umeme tu, bosi." Umeme gani? Ruta iko kwenye UPS (betri ya akiba), na swichi iliyochomekwa kwenye UPS hiyo hiyo haikuyumba hata kidogo. Logi yenyewe (orodha ya matukio ya ruta) baada ya kuwaka ilitaja kerneli, yaani kiini cha mfumo, si umeme!

Kwa wasioijua faili hii: RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, ikianguka kwa hitilafu ya programu, huitengeneza yenyewe, mradi chaguo la automatic-supout kwenye watchdog (mlinzi wa ndani anayeiwasha upya ruta ikikwama) halijazimwa. Ndani kuna mipangilio, logi na hali ya mfumo. Ukiwapelekea watengenezaji tatizo bila faili hiyo, jambo la kwanza watakuomba ni hiyo faili. Ikitengenezwa mpya, ya zamani hubadilishwa jina kuwa autosupout.old.rif. Kwa hiyo zinabaki mbili tu. Anguko la tatu likija, ushahidi wa la kwanza umekwenda. Ndiyo maana nilikuwa nawahimiza kila siku, na kila siku "kesho tunakuja".

Jumatatu fundi akaja. Akataka kuweka toleo jipya, nafasi haitoshi. Hifadhi nzima ya hEX yetu ni MB 16, na humo mlikuwa na bakapu za miaka iliyopita ambazo wao wenyewe waliziacha! Badala ya kuondoa hizo, akachagua faili zote, akafuta. Zote, pamoja na zile mbili nilizokuwa nazilinda kama mboni ya jicho. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nasema "nakili kwanza", yeye keshabonyeza. Halafu ananiambia kwa kujiamini, "Nimekusafishia."

Umenisafishia nini? Logi nazo kwa kawaida zinakaa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), mistari 1,000, na ruta ikiwaka upya zimepotea. Hatukubaki na kitu. Jana ikaanguka tena ikiwa na toleo jipya, na hakuna anayeweza kusema kama ni ugonjwa ule ule au mwingine, kwa sababu cha kulinganisha nacho kimefutwa.

Na kazi yenyewe si ngumu! Fungua WinBox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, nenda kwenye faili, iburute autosupout.rif hadi kwenye kompyuta yako, ipe jina lenye tarehe, ndipo ufute. Dakika mbili. Na kwenye zile ruta zenye folda ya flash (hifadhi ya kudumu), kilicho nje ya folda hiyo kiko kwenye RAM, ukichomoa waya kimekwenda. Kwa hiyo acheni tabia ya kufika na kuchomoa kabla hamjatazama kitu. Logi nazo zielekezeni kwenye kompyuta nyingine kwa syslog (njia ya kutuma logi mtandaoni), UDP 514. Kompyuta kuukuu yoyote ya ofisini inatosha. Niliwaomba hilo tangu tulipoanza nao kazi, hadi leo kimya.

Asubuhi hii nimewaandikia barua nikidai pasiwedi kamili, na nikataka iandikwe kwamba hakuna kufuta faili ya anguko kabla nakala haijafika kwangu. Kama kuna aliyewahi kuweka kipengele kama hicho kwenye mkataba wa matengenezo, naomba aniwekee hapa maneno aliyotumia. Kikao nao ni Ijumaa.