Kichanganuzi kipi kinaeleza kosa vizuri: ANTLR, Lark au niandike mwenyewe?

Jongoo_Data: Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya watu, Jumatatu lazima niwaambie natumia kichanganuzi kipi, yaani sehemu ya programu inayosoma maandishi na kuyaelewa kwa sarufi: nikitengeneze kwa ANTLR au Lark, zana za kutengenezea vichanganuzi, au nikiandike mwenyewe. Ni kikundi cha kuweka na kukopa, kanuni zao katibu anaziandika kwenye faili la maandishi, mfano:

riba = 10% kwa mwezi
faini = 2000 ikiwa amechelewa siku 3

Akikosea, programu inajibu "kosa la sintaksia" na kunyamaza. Kila wiki ananipigia simu. Nataka aambiwe mstari, herufi ya ngapi, na nini kilitakiwa pale. Mnanishauri nini?

Nahodha88: Lugha gani? Faili lina mistari mingapi? Unataka kosa la kwanza tu au yote kwa mpigo? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Jongoo_Data: Samahani mkuu. Python. Mistari 60 hivi, haifiki 200. Hilo la kosa moja au yote sikuwa nimelifikiria.

mama_tokeni: Lark, usihangaike. Ikikwama inarusha kosa liitwalo UnexpectedToken, ndani yake una mstari, safu (herufi ya ngapi) na tokeni, yaani maneno au alama, zilizokuwa zinakubalika. get_context inakupa kipande cha maandishi chenye mshale chini ya pale palipoharibika. Halafu kuna match_examples: unaipa mifano ya makosa ambayo katibu hurudia, kila mfano na maelezo yake, nayo inalinganisha. Ila uchague LALR, mojawapo ya mbinu zake za kuchanganua, maana nyingine, Earley, ndiyo inayokuja yenyewe usipochagua.

Nahodha88: Lark kwa kawaida inasimama kosa la kwanza. ANTLR hujiokoa: inaruka tokeni iliyozidi au inadhania iliyokosekana, kisha inaendelea. Katibu anapata makosa matano mara moja badala ya kurudi mara tano. Weka msikilizaji wako wa makosa, yaani kipande cha programu kinachopokea kila kosa, maana ule wa kawaida unamwaga ujumbe kwenye skrini tu.

mama_tokeni: Na kati ya hayo matano, matatu ni watoto wa lile la kwanza. Atahangaika kurekebisha mistari isiyo na kosa.

kibao_cha_mbao: Angalizo kwa wa ANTLR: mstari unahesabiwa kuanzia 1 lakini nafasi ndani ya mstari inaanzia 0. Ongeza moja kabla ya kumwonyesha mtu.

FundiWaUsiku: Mimi niseme lililonikuta. Kampuni moja hivi, faili la malipo ya vibarua, mistari 2,318. Siku ya kulipa, saa kumi na moja jioni, programu ikagoma: kosa mstari wa 2318. Naufungua, mtupu. Naufuta. Sasa inasema 2317. Huo una jina la mtu na kiasi chake, hauna kasoro yoyote. Nikahamishia mistari ya chini kwenye faili jingine mmoja mmoja, na kosa likawa linapanda nami. Watu wako getini wanasubiri hela yao. Saa tatu usiku ndipo mwenzangu akaona mstari wa 41: jina moja lilifunguliwa semi, halikufungwa. Kichanganuzi kilimeza yote kuanzia pale kikidhani ni jina moja refu, kikaja kulalamika maandishi yalipoisha. Kwa hiyo chagua chochote, lakini kila ukifungua semi au mabano tunza mahali ulipofungulia, na ujumbe utaje mahali hapo. Python yenyewe, tangu 3.10 ya mwaka 2021, inakuonyesha bano ambalo halikufungwa badala ya kukupeleka mwisho wa faili.

kibao_cha_mbao: Hiyo ndiyo sababu nasema aandike kwa mkono. GCC, wale wa kikusanyaji cha C na C++, waliachana na Bison, zana ya kuzalisha vichanganuzi: C++ kwenye toleo la 3.4, C kwenye 4.1. Kichanganuzi cha faili la mistari 60 ni kazi ya siku mbili, na kila ujumbe unausema unavyotaka: "baada ya ikiwa nilitegemea sharti".

Nahodha88: GCC wana timu nzima. Yeye yuko peke yake, na kikundi kitabadilisha kanuni mwakani.

dada_wa_pwani: Samahanini, katibu anaandikia wapi? Kama ni simu, semi zilizopinda zinajiweka zenyewe. Na akinakili kutoka sehemu nyingine anaweza kuleta U+00A0, nafasi inayofanana kabisa na nafasi ya kawaida. Utamwambia "herufi ya 8 si sahihi" na yeye haoni kitu hapo.

Jongoo_Data: Anaandikia simu. Nimeangalia faili la juzi sasa hivi, ipo, baada ya neno faini.

mama_tokeni: Basi isafishe kabla ya kuchanganua.

FundiWaUsiku: Weka herufi moja badala ya kila herufi moja unayoiondoa, usifute tu, la sivyo safu zako zote zitahama.

dada_wa_pwani: Na hizo safu atazihesabuje? Pale anapoandikia panaonyesha hata namba za mistari?

Jongoo_Data: Hapana dada, hapaonyeshi.