Kampuni ya intaneti kisiwani yenye mafundi wawili: ianzie wapi na IPv6?

Fundi wa Chumbageni (Tanga) anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu wanajukwaa. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Tanga, lakini swali langu linatoka ng'ambo ya maji. Binamu yangu yuko Moroni, Komoro, katika kampuni ndogo ya intaneti yenye mafundi wawili tu. Anwani zao za IPv4 (namba za mtindo wa zamani zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) zimewaelemea: kila anwani ya hadharani inabeba wateja wengi, na mmoja wao akituma barua taka, tovuti za nje huifungia anwani hiyo na majirani zake wote wakaadhibiwa pamoja naye. Kinachomuumiza zaidi ni kushindwa kumweleza mama mwenye duka kwa nini amezuiwa kwa kosa asilolijua.

Nilimfafanulia kwa mfano wa kwetu. Zamani mtaa mzima wa Ngamiani uliweza kutegemea sanduku la posta la shule, na barua ikifika lazima mtu mwingine ajue ni ya nani. Mwaka 2022 ikaja operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba. Nikamwambia IPv6, mtindo mpya wenye anwani nyingi mno, ndiyo hiyo namba ya nyumba. Mfano aliuelewa, ila swali lililofuata limenishinda: je, waendeshe IPv4 na IPv6 sambamba kwa miaka, au wahamie IPv6 moja kwa moja?

Mwanamtandao wa Bagamoyo anajibu:

Wa aleikum salaam, fundi. Mimi ningeshauri sambamba, kwa kuwa ndiyo njia ambayo mteja hahisi mabadiliko yoyote: tovuti yenye IPv6 inafikiwa kwa IPv6, isiyo nayo inafikiwa kwa njia ya zamani.

Jambo ambalo asilitegemee ni kuongezewa IPv4. Anwani hizo ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu liliisha Februari 2011. AFRINIC, yenye makao Morisi na inayogawa anwani kwa Afrika pamoja na visiwa vyake, iliingia hatua ya mwisho ya mgao Januari 2020, ambapo mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Wala asipotoshwe na hesabu za anwani kwa kila mkazi. Ushelisheli ina watu zaidi kidogo ya laki moja, lakini kwenye daftari imeandikiwa mamilioni ya anwani, kwa sababu kampuni zilizosajiliwa pale zinazitumia au kuzikodisha nje. Mvuvi wa Praslin, kisiwa cha huko, hanufaiki nazo hata kidogo.

Baharia wa Raskazone anajibu:

Ndugu yangu wa Bagamoyo, kuhusu upungufu tuko pamoja, lakini kwa mafundi wawili siafiki njia ya sambamba. Nimewahi kutunza mtandao wa kisiwani kwa miaka mitatu, na tuliuendesha hivyo hivyo. Kila kanuni ya usalama tuliiandika mara mbili, na kila hitilafu tuliitafuta mara mbili. Upande wa IPv6 uliwahi kukatika kwa majuma kadhaa bila sisi kujua, kwa sababu simu na kompyuta zilirudi zenyewe kwenye IPv4 na hakuna mteja aliyelalamika. Siku tuliyogundua niliona aibu kubwa. Kisiwani kinachopungua kabla ya anwani ni mikono ya kazi, na kuendesha mitandao miwili kunaila mikono hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba mteja apewe IPv6 peke yake, na tafsiri ya kwenda IPv4 ifanywe mahali pamoja, mpakani mwa mtandao, kwa utaratibu uitwao NAT64. Simu za Android zimekuwa na uwezo wa kuishi hivyo tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, na Apple ilizitaka programu zote za duka lake zifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee kuanzia Juni 2016. Televisheni na kamera za zamani ndizo zitakazosumbua, kwa hiyo ruta ya nyumbani iwe na uwezo wa kuzitafsiria hapo hapo ndani (464XLAT). Hilo liandikwe kama sharti katika kila ununuzi wa ruta kuanzia sasa, maana ruta isiyoweza ikishafungwa nyumbani itakaa humo miaka.

Mzigo wa tafsiri nao hupungua wenyewe, kwa kuwa Google, YouTube na Facebook tayari zinafikiwa kwa IPv6. Hilo si dogo. Anwani moja ya IPv4 ina poti 65,536, yaani milango inayotenganisha mawasiliano yanayotumia anwani hiyo. Ukiwagawia wateja 64, kila mmoja anapata 1,024, na nyumba yenye simu tano inaweza kuzimaliza jioni moja.

Tena aombe fungu lake mwenyewe AFRINIC, asikubali la kuazima kwa anayemuuzia uwezo wa mkongo. Tonga ilikatikiwa na mkongo Januari 2022 baada ya volkano kulipuka, ikategemea setilaiti kwa takriban majuma matano. Siku kama hiyo, mwenye anwani za kuazima huenda akalazimika kubadili anwani za mtandao mzima katikati ya msiba. Mwenye zake huhama nazo. Na fungu la /32 (namba baada ya mkwaju ikiwa ndogo, fungu ni kubwa) linatosha kabisa: lina vipande vya /56, kimoja kwa kila nyumba, zaidi ya milioni 16, ilhali Komoro haifikishi watu milioni moja.

Dada wa Seva anajibu:

Naongeza moja. Mafundi wengi wamezoea kufunga ICMP yote (jumbe za taarifa na hitilafu ambazo vifaa vya mtandao hutumiana) kwenye faiawoli. Katika IPv6 kufanya hivyo ni kujikata, kwa kuwa ruta za njiani hazigawi paketi kubwa, yaani vifurushi vya data. Humtumia mtumaji ujumbe wa ICMP kwamba apunguze ukubwa. Ujumbe huo ukizuiwa, ukurasa unaanza kufunguka kisha unaganda, na mteja anaulaumu mkongo. Vilevile, nyumba sasa haijifichi nyuma ya anwani ya pamoja, hivyo ruta ikatae miunganisho inayoanzia nje isipokuwa iliyoruhusiwa.

Fundi wa Chumbageni anarejea:

Nawashukuru sana, hasa wewe Baharia kwa kutueleza hata lililokuumiza. Nimempigia binamu usiku huu. Wataanza na ofisi yao na mtaa mmoja wenye ruta mpya, IPv6 pekee pamoja na tafsiri mpakani, huku maombi ya fungu la /32 yakiandaliwa. Anayewauzia uwezo wa mkongo hajawahi kuombwa IPv6 na mteja yeyote wa kisiwani, kwa hiyo barua ya kwanza inakwenda kwake kesho asubuhi, nami nimeahidi kuipitia kabla haijatumwa.