Gari-nyumba jipya, bovu tangu likabidhiwe (Florida): madai yaanzie wapi?

Mkaazi_Tampa: Wakuu, naomba mwongozo. Ni gari-nyumba la injini, si la kuvutwa. Bei dola 120,000, miezi 9, maili 6,000. Likifunga breki linavuta kushoto. Limeingia gereji mara 3 kwa hilo tu. Paa linavuja na jenereta inajizima. Sheria ya magari mabovu inanisaidia?

Haki_FL: Kwa breki, ndiyo. Kwa paa na jenereta, hapana. Sheria ya Florida imeiacha nje sehemu ya kuishi, na humo wameingiza hata vitu usivyotarajia: mabomba, sakafu, kiyoyozi cha juu, jenereta, umeme usiohusu mwendo wa gari, mlango wa ubavuni. Kwa hiyo shikilia breki. Unalindwa miezi 24 tangu ulipokabidhiwa gari.

Sasa mwandikie mtengenezaji notisi, uitume kwa posta ya rejista au ya haraka. Mtengenezaji, mkuu, si muuzaji! Madai mengi mazuri hufia hapo: mtu anapiga simu kwa muuzaji miezi sita, na kisheria bado hajamjulisha anayehusika. Akiipokea ana siku 10 za kukujibu na kukupangia gereji ya jaribio la mwisho la matengenezo. Likifika huko, ana siku 45 za kulitengeneza.

Fundi_Chesisi: Kabla ya notisi, kagua hati za gereji. Kila moja iwe na tarehe ya kuingia na kutoka, maili, na kasoro kwa maneno yaleyale. Ya kwanza ikisema "kelele za breki", ya pili "usukani", ya tatu "alaimenti" (mpangilio wa magurudumu), mtengenezaji atadai ni kasoro tatu tofauti, kila moja imeshughulikiwa mara moja. Andikisha: "linavuta kushoto likifunga breki kwenye maili 45 kwa saa". Fundi akisema haoni tatizo, mwombe mwende barabarani pamoja kabla hujasaini.

Mkaazi_Tampa: Asanteni. Na paa niliache tu?

Haki_FL: Usiliache. Hapo tumia sheria ya shirikisho ya waranti (dhamana ya bidhaa) ya 1975, Magnuson-Moss; ukishinda, mahakama inaweza kumwamuru mtengenezaji akulipie hata ada ya wakili wako. Ila chesisi (fremu ya gari na mitambo yake ya mwendo), nyumba na jenereta mara nyingi zina waranti tatu za kampuni tatu, kwa hiyo kila dai liende kwa kampuni iliyotoa waranti ya sehemu hiyo. Soma pia kifungu cha mahali pa kushtakia. Magari haya mengi huundwa Elkhart, Indiana, na mikataba mingine inataka kesi iende huko, ambako sheria ya magari mabovu haihusu gari-nyumba kabisa.

Fundi_Chesisi: Piga picha za silanti (gundi ya kuzuia maji) ya paa kila unapoikagua, zenye tarehe. Kisingizio cha kwanza cha kukataa dai la uvujaji ni "mwenye gari hakutunza".

Haki_FL: Ukirudishiwa fedha kwa sheria ya Florida, watakata matumizi: maili ulizotumia mara bei, gawa kwa 60,000. Kwa hesabu yako ya leo ni dola 12,000, na kila maili moja inaongeza dola 2.