Naomba ushauri: nawalinganishaje Wairishi na Wameksiko wa Marekani?

Wakuu habari zenu. Nimekwama kwenye tasnifu. Msimamizi anataka nilinganishe kipato na elimu ya Wamarekani wenye asili ya Ayalandi na wale wa Meksiko. Mimi naona mizani imepinda. Wairishi walimiminika Marekani kwa njaa iliyoanza 1845 viazi vilipooza shambani, na 1960 Kennedy, mwenye asili ya Ayalandi, akachaguliwa rais. Wameksiko wengine hata hawakuhama, mpaka ndio uliowavuka 1848, Marekani ilipotwaa ardhi ya Meksiko! Wengine waliletwa kwa mikataba ya vibarua wa mashambani, 1942 hadi 1964, na wengine wamefika juzi tu. Tena kwenye sensa mtu hujitaja asili mwenyewe, kwa hiyo mjukuu anayejiita Mmarekani tu anatoweka kwenye hesabu. Nigawanye kwa vizazi au kwa mwaka wa kufika? Sura ya pili nakabidhi Ijumaa, jamani.