Re: Mpwa wangu kakataliwa, wanasema si Mbajuni

Asalam aleikum jamaa. Mtoto wa dada yangu yuko Leicester, Uingereza, aliomba hifadhi, juzi kapata barua ya Hom Ofisi (wizara yao ya mambo ya ndani), wamemkatalia. Wanasema Kiswahili chake ni cha Mombasa kwa hiyo yeye ni Mkenya, si Mbajuni wa Chula, kisiwa chetu huko Somalia. Ana siku 14 za kukata rufaa, mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, mama yake halali.

---

Waaleikum salaam kaka, pole sana na mpe pole dada. Kwanza kabisa hizo siku 14 zinahesabiwa tangu siku barua ilipotumwa, sio siku aliyoifungua, kwa hiyo angalia tarehe iliyo juu ya barua leo hii. Kama anapata posho ya waomba hifadhi halipi ada ya rufaa, na msaada wa wakili wa serikali bado upo, asije akatoa hela kwa mtu wa mtaani anayejiita mshauri, kutoa ushauri wa uhamiaji hapa bila kusajiliwa ni kosa la jinai.

Sasa hili la lugha. Mimi nilipitia hayo hayo, nimelia nalo. Waliniwekea mtu kwenye simu akanisikiliza kama nusu saa hivi, akasema naongea Kimombasa. Mimi nimelelewa Mombasa, wazazi walikimbia 91 wakawekwa kambi ya Jomvu, shule nimesoma na watoto wa Kimijikenda, ntaongeaje kama bibi yangu? Nyumbani bibi akihesabu kwa Kibajuni anasema chachu, mimi nikitoka nje nasema tatu, nisichekwe. Hilo mimi kwenye intavyuu sikulisema kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na ndilo lililoniangusha. Mpwa wako aandike maisha yake yote, mwaka gani alikuwa wapi, nani alimlea, nyumbani waliongea nini, sokoni waliongea nini. Wakili wake atafute hukumu ya 2004 ya kesi inayoitwa KS, inahusu Wabajuni na Kibajuni hasa, na ile ya Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza ya 2014 kuhusu ripoti za lugha ambazo Hom Ofisi ilipewa na kampuni ya Sweden, majaji walisema mchambuzi wa lugha abaki kwenye lugha, kuamua kama mtu anasema kweli si kazi yake.

Halafu aombe rekodi ya intavyuu, ile sauti yenyewe, akae na mtu anayejua Kiswahili cha pwani waisikilize huku wanasoma maandishi. Mimi nilisema "ndugu yangu alipigwa", mkalimani akatafsiri kaka wa tumbo moja, mbele nikasema sina kaka, bas barua ikaja naitwa muongo. Na saa jamani! Nilisema walikuja saa mbili usiku, wao wakaandika saa 2 usiku ya Kizungu, yaani saa nane yetu, eti mbona majirani walikuwa macho. Na hiyo "juzi" ya kwetu ambayo inaweza kuwa hata mwezi uliopita, wao wanahesabu siku mbili. Kila kosa la namna hiyo lijibiwe kwa namba ya aya iliyo kwenye barua, aya kwa aya, asiruke hata moja.

Na asijiambie akishindwa kwenye rufaa hii kuna mahakama ya ngazi ya juu. Ngazi ya juu inaangalia tu kama jaji alikosea sheria, haisikilizi habari yako upya, na hata akileta maombi mapya baadaye jaji anaanzia pale wa kwanza alipoishia. Kila kitu akiweke sasa.

Siku ya kesi mkalimani akiwa hamwelewi aseme palepale, asione haya. Mimi niliogopa kumvunjia heshima mtu mzima.

---

Allah akulipe dada. Barua ni ya tarehe 3, tumebakiwa na siku tano. Kesho asubuhi naenda naye kwa solisita. Hilo la ndugu lipo kwenye aya ya 31, nimeliona sasa hivi, huyo aliyemtaja ni mtoto wa mamake mdogo.

---

Basi mwandikie hivyo hivyo, mtoto wa mama mdogo, na jina la huyo mama. Nipigie mkitoka.